Bara

Bi Eirwen aliweka sahani mbele yangu
akasema, bara lawr,
nami nikadhani ananiuliza kwetu.
Nikamjibu: hapana, mie si wa bara,
mie wa Bwejuu, Unguja, huko shamba.
Akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza.
Kumbe bara kwao ni mkate.
Na hata huo mkate, si mkate.

Ulikuwa rojo jeusi, jeusi la kukaribia kijani,
linang'aa kama tope la mikoko jua likipanda,
limefinyangwa na unga wa oti,
limekaangwa likafanya ganda pembeni.
Kando yake kombe wadogo, wa manjano,
waliookotwa kwenye mchanga ule ule wa dirishani,
hapa Penclawdd, maji yakitoka.
Nyama ya nguruwe ameiondoa mwenyewe tangu jana.
Amenunua siagi mpya na kikaango kipya.
Hakusema neno. Niliona kibandiko cha bei
bado kimeganda kwenye mpini.

Hiki ni nini? nikauliza.
Akanyoosha kidole baharini.

Mwani.

Miaka kumi na moja nimefunga mwani.
Bamvua kwa bamvua, maji magotini,
vigingi, kamba, taitai,
kuinama mpaka mgongo ukasahau kunyooka,
chumvi ikitafuna vidole kwenye maungio.
Tukaanika, tukashindilia viroba,
akaja mwenye mizani na mizani yake
iliyokuwa na uzito wake mwenyewe.
Kilo shilingi mia nne. Siku nyingine mia tatu.
Tukimuuliza, huko wanafanyia nini?
mara dawa ya meno, mara rangi, mara hajui.
Mama yangu, Bi Kazija, akasema wanalisha farasi.
Hakuna kati yetu aliyewahi kuutia mdomoni.
Mbuzi wenyewe huunusa, wakapita.

Na leo uko kwenye sahani ya maua ya buluu,
uma umelazwa kushoto kwake, kwa adabu.

Bismillahi yangu ilikuwa ndefu kuliko kawaida.

Hautafunwi. Unateleza
kama mlenda usio na haya,
kisha chumvi, kisha chuma,
kisha kitu kisicho na jina ninachokijua kwa pua
tangu nikibebwa mgongoni:
kanga ya mama akirudi pwani, mbichi, nzito.
Nilikuwa ninaila kanga ya mama.

Sikusema ni tamu.
Sikuweza kusema si tamu.
Nilisema, kwa Kiingereza changu cha miezi saba,
huu wenu mwembamba, unaota wenyewe majabalini,
lakini ndugu yake ninamjua,
nimemfunga kwa mikono hii.
Bi Eirwen, ambaye kila asubuhi mimi ndiye ninayemvisha soksi,
akaishika mikono, akaigeuza
kama anayechagua samaki.
Kisha akaweka ya kwake juu ya meza:
mamake aliokota kombe, punda na magunia,
naye nyuma, mtoto, miguu mitupu, baridi ya Januari.
Kovu kwenye kidole cha shahada. Mimi ninalo hapo hapo.
Tukala. Chai ikapoa.

Usiku nikampigia mama.
Wanakula mwani, nikamwambia.
Kimya. Nikadhani simu imekatika.
— Watu gani?
Wazungu.
— Kwa njaa?
Kwa kupenda. Asubuhi, na mayai.
Nilimsikia akipiga hesabu, pumzi kwa pumzi,
viroba vyote vile, miaka yote ile.
— Wanatia nazi?
Hawatii.
— Hata pilipili?
Hata pilipili.
— Maskini, akasema mama. Basi watilie wewe.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Swansea,
kwenye duka la Mbangladeshi nyuma ya stesheni,
nikanunua nazi.
Ya kopo. Mama sijamwambia.